Mstari Mmoja na Tarehe

Jumanne saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya chanjo, kompyuta tatu za kliniki zilizimika moja baada ya nyingine, na kadi za watoto elfu mbili hazikufunguka tena. Kina mama arobaini walikuwa kwenye mabenchi. Alhamisi iliyopita, siku nyingine ya chanjo, ilikuwa hivyohivyo. Mnyonge hana haki: Bi Mkuu, msimamizi wa kliniki, aliandika katika daftari la matukio kwamba mfagizi amechomoa waya akipiga deki. Ijumaa angefukuzwa.

Fundi aliyezifunga kompyuta hizo alifika saa sita. Alikuwa binti wa maneno machache na macho yasiyoruka kitu. Mashine zenyewe zilikuwa ndogo za kuenea kiganjani, lakini zilisaidiana: moja ikianguka, mbili zilizobaki zinabeba mzigo wake.

Mfagizi alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Dada, waya huo mimi naupitia mbali. Nina watoto watatu. Nikitoka hapa naenda wapi?"

"Hii saa ya mezani umeigusa leo?"

"Sijaigusa. Hakuna aliyeigusa."

Saa ilichomekwa pamoja na kompyuta kwenye waya mmoja. Umeme ukikatika hata kidogo, hurudi sifuri na kuanza kupepesa. Ilikuwa inaonyesha saa sahihi; basi waya haukuchomolewa. Fundi akamwambia mfagizi akanywe chai.

Kisha akafungua faili la mpangilio, ambalo mashine zote tatu hulisoma. Yeye alikuwa ameipa hifadhidata, programu inayotunza kadi zote, robo tu ya kumbukumbu ya kila mashine. Jumatano iliyopita, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, mtu aliibadilisha kuwa asilimia tisini. Siku za watu wachache mashine zilijikongoja; siku ya chanjo zikakosa pumzi, ya kwanza ikaanguka, na mzigo wake ukaziangusha zilizobaki.

Jambo moja lilimshangaza. Mstari wa zamani haukufutwa. Ulikuwa umewekewa alama ya kuuzima ili mashine iuruke, bado unasomeka, na pembeni yake tarehe.

Zaidi yake, neno la siri la faili hilo walilijua wawili tu, mtu wa dawa na Mama Kadi, mtunza kadi za watoto. Alianza na mtu wa dawa.

"Jumatano saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapahapa dirishani. Unanishuku?"

"Nashuku kila mtu, hata mimi mwenyewe. Kwenye orodha yako hii, hapa palipofutwa ulikosea nini?"

"Nitakumbuka wapi? Nikikosea nafuta, maisha yanaendelea."

Fundi alikwenda masjala kwa hatua nzito. Mama Kadi ndiye aliyeandika kadi yake alipokuwa na siku sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Mezani palikuwa na rejesta wazi. Jina moja lilikuwa limepigwa mstari, bado linasomeka, na tarehe pembeni.

"Mama, kwa nini hufuti?"

"Kadi ya mtoto haifutwi. Unapiga mstari mmoja, unaandika tarehe, ili atakayekuja ajue palikuwa na nini."

Fundi akamgeuzia kompyuta yake taratibu. "Hata hapa?"

Mama Kadi alivua miwani.

"Jumatano alikuja mama na mtoto ana homa, kadi haifunguki. Dakika tisa, mwanangu, nimezihesabu. Watu walipokwenda kula nikaingia pale uliponifundisha. Nikaona robo. Nikasema maskini, kumbe mnazilaza na njaa. Nikaziongezea."

"Na mfagizi alipotajwa?"

"Niliogopa. Nimebakiza miezi miwili nistaafu, sikutaka niondoke na aibu. Nikajisemea kesho nitamwambia Bi Mkuu."

"Robo niliiacha makusudi, mama. Inayobaki ni ya kuhemea. Mtoto ukimshindilia chakula hadi kooni, atacheua."

"Mbona hukuandika hivyo?"

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Alikuwa ameacha namba bila sababu yake.

"Hapo kosa ni langu," alisema, akamshika mkono. Alimpenda mama huyu, na hakuona haya kumpenda hata sasa. Akarudisha robo, na chini yake akaandika kwa maneno ya kila siku: Msiongeze, mashine ni ndogo, zinahitaji nafasi ya kuhema. Kisha, ili kadi zifunguke upesi, akahamishia pembeni kadi za waliokwisha kuwa watu wazima, ya kwake ikiwemo.

Mama Kadi hakungoja kuambiwa. Alikwenda ofisini kwa Bi Mkuu, akaomba mfagizi aitwe, akaeleza yote akiwa amesimama. Halafu akaomba daftari la matukio.

Bi Mkuu alimsogezea wino mweupe wa kufutia. "Tuyafute maneno haya kabisa, mama. Yasionekane."

"Hapana. Na yasomeke."

Akapiga mstari mmoja juu ya maneno yaliyomtaja mfagizi na waya, akaandika jina lake mwenyewe na alichokibadilisha, na tarehe. Mfagizi aliyasoma polepole, akavuta kiti, akamwambia, "Kaa, mama."