Mikoba Kitandani

Waceke alifunga mzigo nyumbani kwake Kinoo Ijumaa asubuhi. Nepi kumi na mbili, sweta mbili, kikombe chenye mfuniko, na blanketi la manjano. Mtoto wake Debra alikuwa na miezi kumi na minne. Alikuwa ameanza kutembea wiki tatu tu zilizopita na hakutaka tena kubebwa.

Walikuwa wanaenda Riruta pamoja na Gerishon, mume wa Waceke, kulala siku mbili kwa mama yake, nyanya yake Debra. Jumamosi wageni wangeleta mahari ya Cate, dada yake Gerishon.

Walimkuta Nyanya uani akimenya viazi.

"Karibu, Mama Debra. Nipe huyo mama yangu mdogo."

Debra akamkimbilia, akaanguka, akacheka, akasimama.

Saa nane nyumba ilijaa akina mama waliokuja kusaidia kupika. Kila aliyeingia, Nyanya alipokea mkoba wake na kwenda kuuweka kitandani. Ndiyo heshima. Mgeni hakai na mkoba magotini kama mtu aliye stendi. Debra naye alilazwa papo hapo, katikati ya mikoba na shali, mto huku na mto huku.

"Amelala?" aliuliza Shangazi Caren, akikata kabeji nyembamba kama uzi.

"Kama gogo," Waceke akajibu.

Alikuwa anageuza chapati ya tatu aliposikia kishindo. Akakimbia chumbani. Debra alikuwa ameanguka pamoja na mto, hakuumia. Lakini mbele yake kulikuwa na mkoba mweusi, wazi. Vidonge vyeupe vilikuwa vimetawanyika sakafuni, na Debra alikuwa anatafuna kitu.

"Hizi dawa ni za nani?"

"Ni zangu, za presha," Shangazi Caren akasema akiwa mlangoni. Kisu kikamponyoka.

Nyanya alikuwa na mpangaji, Nanyama, muuguzi katika kliniki moja ya Hurlingham. Siku hiyo alikuwa ofu, anaanika nguo. Alikuja mbio, vibanio vya nguo bado kwenye blauzi. Akafungua mdomo wa Debra kwa kidole, akatoa karatasi ya peremende.

"Hiyo si neno. Lakini hatujui ameshameza nini. Shangazi, vilikuwa vingapi?"

"Kumi kwenye bahasha. Asubuhi nimekunywa kimoja."

"Basi tunatafuta tisa. Gerishon, omba jirani gari, uwashe. Kikikosekana hata kimoja tunaenda hospitali na hii bahasha. Hatungoji kuona kama ataugua."

Mama mmoja akaleta maziwa. "Mpe, yaoshe tumbo."

"Rudisha, mama. Hakuna maziwa, hakuna kumtapisha. Ni hospitali tu."

Wakapiga magoti wote. Wakapata vidonge vinane. Waceke alimkumbatia Debra, na nje gari lilikuwa linanguruma. Nyanya akaingiza mkono nyuma ya mguu wa kitanda, akapapasa polepole.

"Cha tisa," akasema.

Shangazi Caren akakaa sakafuni, akalia na kucheka pamoja.

"Msiinuke," Nanyama akasema. "Mko mahali pazuri. Debra anaona nyumba kutoka hapo. Tembeeni kwa magoti mniambie mnaona nini."

"Si ungesema tuvae suruali," mama mmoja akanung'unika.

Wakatambaa hadi sebuleni. Nyanya akaona kitambaa cha meza kinaning'inia, na juu yake thamosi ya chai. "Nikivuta hiki, naungua." Waceke akaona mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda. Mwingine akaona ndoo iliyojaa maji. Gerishon, na mwili wake wote ule, akakwama chini ya meza na waya wa pasi shingoni. Walicheka mpaka chapati ikaungua.

"Ukienda kulala kwa watu," Nanyama akamwambia Waceke, "piga magoti kwanza, kabla hujafungua mzigo. Halafu omba, 'Naomba niweke hii juu.'"

"Niliogopa Mama ataona ninakosoa nyumba yake."

"Ningekupa stuli upande," Nyanya akasema.

Jioni hiyo Gerishon alipigilia misumari juu ukutani. Mafuta ya taa yalirudi kwenye mkebe wake, yakafungiwa stoo. Ndoo zikamwagwa na kugeuzwa. Debra akatandikiwa godoro sakafuni, bila mito, bila mikoba.

Jumamosi wageni wakaja. Nyanya akapokea mikoba, akaitundika juu.

"Kumbe Riruta mikoba inapanda ukutani?" mama mmoja akamtania.

"Chini ni kwa Debra," Nyanya akajibu.

Debra alizunguka nyumba nzima na mwiko, akipiga sufuria. Msemaji wa wageni, Mzee Waithaka, alinyamaza mara tatu kumpisha. "Na huyu anadai mbuzi wangapi?" akauliza, watu wakavunjika mbavu.

Waceke aliketi kwenye kona yake. Kwa mara ya kwanza tangu Debra aanze kutembea, alikula chakula chake kikiwa moto.