Diski ya Alexander

Saa nne asubuhi.

Stoo ilikuwa nyuma ya duka la matairi, Nguvumali. Hosea alitia komeo, akazima feni ili asikike bila kupaza sauti.

"Alexander anaishi peke yake. Kila Ijumaa kama leo, akishakula mchana, anafungua ile diski ya nje. Tunaingia ikiwa wazi. Fundi, mweleze Uweso."

Fundi mwenyewe alikuwa Zuleha. Ni yeye aliyemwekea Alexander programu ya Linux kwenye kompyuta yake, kabla hajajua kazi ya mteja wake: kukusanya video za faragha za wanawake na kuwakamua pesa.

"Diski ina nywila, anaijua yeye tu. Akiifungua, ufunguo unakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Lakini niliipanga hivi: kompyuta ikilala tu, ufunguo unafutwa. Ukiiamsha, inadai nywila upya. Kwa hiyo skrini isifunikwe. Na waya wa diski usichomoke."

"Si tumbane tu aitaje?" Uweso aliuliza.

"Tutambeba pia," Hosea alijibu. "Ila ni mkaidi. Kompyuta kwanza."

Mdogo wake Zuleha, Mwanasiti, alikuwamo kwenye diski ile. Tangu atishwe, alijifungia chumbani kule Makorora. Hali, hasemi. Hosea alikuwa ameahidi: akishapata video za wanawake wawili matajiri anaowataka, nyingine zote zitafutwa.

Saa nane mchana.

Mlango uling'oka kwa teke moja. Alexander alikuwa mezani, kifua wazi. Hakupiga kelele. Alirusha mkono kuifunika kompyuta. Uweso akamwahi na nondo, kisogoni.

Alexander aliangukia sakafuni.

"Umemuua," Zuleha alisema.

"Nilitaka kumzuia tu." Uweso aliitupa nondo chini.

Hosea aliinama, akasikiliza pumzi, akatema mate. "Amekwenda na nywila yake. Fundi, ingali macho?"

Skrini iliwaka. Diski ilikuwa wazi. Zuleha aliandika amri ya kuzuia mashine isilale, akaibeba kama bakuli la uji wa moto.

Saa nane na nusu.

Gari lao aina ya Noah lilikuwa likikimbilia pwani ya Moa. Uweso kwenye usukani, Hosea kando yake, Zuleha nyuma na kompyuta mapajani.

"Nianze kufuta, kaka Hosea?"

"Kufuta nini?"

"Video za wale wanawake. Uliniahidi."

Hosea hakugeuka. "Hao ndio mtaji, dada. Alexander alikuwa mvivu. Mimi nitawakamua mpaka waombe kufa."

Zuleha alirudi kwenye kibodi. Akaiondoa ile amri. Akafunika skrini taratibu. Taa ndogo ubavuni ikaanza kupepesa: mashine imelala. Alipoinua macho, alikutana na macho ya Uweso kwenye kioo cha juu. Uweso akayarudisha barabarani.

Zuleha akafunua. "Imelala yenyewe," alisema. "Inadai nywila."

Hosea aligeuka polepole. "Uweso, simama."

Mkonge pande zote mbili. Hakuna mtu.

"Umemwona akiifunika?"

"Sikuona, bosi."

"Basi kosa ni lako. Ulimuua mwenye nywila." Hosea alimshusha kwa ukosi wa shati, akamsukumia kwenye mkonge.

Zuleha alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Halikutoka.

Bastola ililia mara mbili.

"Wewe sasa," Hosea alisema akirudi. "Endesha."

Saa tisa.

Kizuizi cha polisi. Hosea aliifunika bastola kwa shati lililokuwa kitini, akaibana kwenye mbavu za Zuleha. "Tabasamu. Pita."

Askari mwenyewe alikuwa akiwapungia wapite. Zuleha alikanyaga breki katikati ya barabara, akachomoa ufunguo wa gari, akautupa dirishani.

"Mwehu wewe!"

"Nipige basi. Utakwenda wapi?"

Askari wawili walikuwa wameshainua bunduki. Hosea aliwatazama, akamtazama Zuleha. Shati lilidondoka miguuni, na bastola ndani yake.

"Afande," Zuleha alisema, "kuna mtu kule kwenye mkonge. Anaitwa Uweso. Wahini, huenda bado anapumua."

"Nani kampiga?"

Alimnyooshea Hosea kidole. Kisha mkono ukamwangukia mapajani.

"Huyu. Mimi nilikaa kimya."