Kibuyu cha Mbegu

Shule zilikuwa zimefungwa na mvua za kwanza zimeshanyesha Malangali. Jumamosi hiyo mama alijifunga kitenge kiunoni, akachukua jembe.

"Coleta, nakwenda kumalizia kulima. Wape wadogo zako uji, na uwaangalie vizuri. Kesho kutwa tunapanda ulezi."

"Sawa, mama."

Coleta alikuwa na miaka kumi na miwili. Wadogo zake, Dominiko wa miaka mitano na Abel aliyeanza juzijuzi kukimbia, walikuwa moto wa kuotea mbali. Ukimnawisha huyu, yule anajipaka majivu. Abel alivalishwa sweta, akalivua, akataka kumvisha mbuzi! Lakini jamani, Coleta aliwapenda. Abel alipomrukia shingoni na mdomo wake uliojaa uji, alicheka mpaka akasahau kwamba gauni lake limechafuka.

Basi Jenifa wa nyumba ya pili akaita nje ya ua. "Coleta, mambo!"

"Poa!" Coleta akatoka mara moja tu, asikie habari za kwaya. Hiyo mara moja ikawa ndefu kwelikweli.

Aliporudi jikoni, alishika kichwa. Dominiko alikuwa amepanda juu ya ndoo na kukishusha kibuyu cha mbegu kilichotundikwa juu ya mafiga, ambako moshi huwafukuza wadudu. Alikuwa anamwaga ulezi huku na huku, kuku wanadonoa, Abel anapiga makofi.

"Dada, tunapanda!"

"Mungu wangu! Tokeni!" Coleta aliwafukuza kuku, lakini punje zilizobaki hazikujaa hata kiganja.

Mama atasemaje? Hapo akaona ungo wa kimea cha togwa. Kimea nacho ni ulezi, ila ulishalowekwa, ukaota, ukaanikwa. Akachota, akausugua viganjani mpaka vimizizi vikadondoka, akaupepeta, akajaza kibuyu na kukitundika. Kwa macho tu, usingejua.

"Domi, usimwambie mama."

Jioni mama alirudi amechoka, matope mpaka magotini. Alifungua kitenge akatoa uyoga wa kwanza wa msimu.

"Nimekuchumia wewe, maana najua unavyoupenda. Bila wewe kukaa na hawa, mwanangu, ningelima saa ngapi?" Akatazama juu ya mafiga, akatabasamu. "Mbegu zetu zile zikiota vizuri, mwakani hatuhangaiki."

Moyo wa Coleta ulimuuma. Kimea hakioti mara ya pili. Akilini alimwona mama akisubiri, siku hata siku, kwenye udongo mtupu. Akaangua kilio.

"Mama, hazitaota! Kuku wamekula mbegu. Nilikuwa nje napiga soga na Jenifa. Humo nimeweka kimea."

Mama alikishusha kibuyu, akamimina punje kiganjani, akazigeuzageuza. Coleta akangoja kuchapwa.

"Umekisugua vizuri kweli," mama akasema hatimaye. "Kesho tukitoka misani tunakwenda kwa bibi yako kuomba mbegu. Utamweleza wewe mwenyewe."

Kesho yake Coleta alipiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho chini?"

Akaeleza yote bila kuficha. Alipofika kwa Dominiko na "tunapanda" yake, bibi alicheka mpaka kilemba kikamvuka, kisha akajaza kibuyu pomoni.

Njiani mama alimshika Coleta mkono. "Domi kumwaga mbegu ni utoto tu. Wewe kuwaacha peke yao ni kosa, nami nimekusamehe. Lakini kuku walikula kibuyu kimoja. Huo ujanja wako ungekula mavuno yetu yote, na mimi ningekaa naisingizia mvua. Ukikosea, niambie mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

Jumatatu kuku walifungiwa bandani. Shambani, Coleta alimchotea Dominiko mbegu kidogo, akamwonyesha udongo uliolainishwa.

"Haya, baba. Hapa sasa, mwaga!"