Usiifunike Sufuria Hiyo

Jua lilikuwa limeshagusa maji Dafroza alipoingia kwenye kile kijiji. Jina la kijiji sitalitaja, wenyewe wanajijua. Kiko kando ya ziwa, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Kisorya. Alisalimia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeitikia. Wanawake walimtazama mkoba, wakamtazama viatu, kisha wakamgeuzia mgongo.

Walikuwa wameshasikia amekuja kuuliza habari za ndege.

Dafroza alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Musoma. Mwaka huo wa 1987, akipanga mafaili ya wakoloni yaliyoliwa na mchwa, alikuta karatasi ya mwaka 1943. Ndege ya jeshi, ile aina inayotua majini, iliondoka Kisumu na haikufika ilikokuwa inakwenda. Waliopotea ni Wazungu sita na mpishi mmoja. Apolinary, wa Bugwema. Mahali ilipoangukia, hapajulikani.

Apolinary alikuwa baba yake. Alipopotea, Dafroza alikuwa bado tumboni.

Mama yake, Pelagia, sasa alikuwa kitandani kule Bugwema, hajiwezi, na neno lake lilikuwa moja tu. Nileteeni hata mfupa mmoja nimzike. Sitaki kufa sijamzika. Basi Dafroza likizo yake yote akaimalizia kwenye vijiji vya ziwani, anauliza, anafukuzwa, anauliza tena.

Hapa aliyempokea ni mmoja tu, mwanamke wa makamo aitwaye Dorkas, naye alimpokea kwa shingo upande.

"Utakula, utalala, alfajiri uondoke," alisema. "Na baba mkwe wangu usimuulize kitu."

Baba mkwe mwenyewe, mzee Enoka, alikuwa ameketi kizingitini anashona wavu. Hakuinua hata kichwa.

Jikoni, sato walikuwa wanachemka kwenye sufuria nene, nyeupe, nzito. Ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa na fundi kwa mkono. Sufuria za namna ile Dafroza alikuwa ameziona kila nyumba aliyopita, na hakushangaa. Miaka ile ya shida dukani hata kijiko ulikuwa hukipati, na kila kijiji kilikuwa na fundi wake wa kuyeyusha vyuma. Kilichomshangaza ni kwamba hazikuwa na mifuniko. Majivu yalikuwa yanarukia mchuzini, na Dorkas alikuwa ametoka kuchota maji.

Dafroza, mtoto aliyelelewa vizuri, akachukua sinia akaifunika.

Ngo.

Alidhani ni kuni.

Ngo... ngo.

Ilitoka ndani ya sufuria. Polepole, kwa mkono uliochoka. Kisha jiko zima likajaa harufu ya mafuta ya mashine, na chini yake harufu ya maji yaliyolala.

Ngo. Ngo. Ngo.

Dorkas aliingia mbio, akalisukuma sinia likaangukia motoni. Kukawa kimya.

"Nani kakwambia ufunike?" alinong'ona.

Mzee Enoka alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Apolinary wa Bugwema. Mama yangu ni Pelagia."

Wavu ulimponyoka mzee.

"Pelagia," alisema. "Kumbe ni mtu wa kweli."

Akaketi palepale chini, akaanza kusema huku anatazama mlango.

"Ndege ilianguka kule kwenye mawe ya ziwani, tumbo juu. Wazungu nadhani walikufa hapohapo. Lakini humo ndani kulikuwa na mtu anagonga. Siku mbili, mchana na usiku. Anagonga, anaita. Pelagia, nifungulie. Pelagia, nifungulie."

"Mkamwacha," Dafroza alisema.

"Angeita kwa Kizungu tungeenda. Mzungu na ndege yake, hiyo inaeleweka. Lakini kitu kimetoka juu, halafu kinaita kwa Kijita, lugha yetu wenyewe, kinamwita mwanamke ambaye hapa hayupo... Tukasema ni pepo, amejifunza maneno yetu atumalize. Tulikuwaga vijana kumi na mitumbwi minne. Hakuna aliyeshika kasia."

Akauokota wavu wake, akaukunja.

"Siku ya tatu hakugonga tena."

Uso ulimwaka moto Dafroza. Alitamani kumzaba yule mzee kibao.

"Miaka arobaini hatukuigusa," Enoka aliendelea. "Shida ilipokuja, wake zetu wakawa wanapikia makopo. Fundi akaikata ile ndege. Akaiyeyusha, akatoa hizi sufuria."

"Na mifupa?"

Mzee aliinyooshea kidole ile sufuria.

"Sufuria tulizitupa ziwani," Dorkas alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi tukazikuta jikoni, zimejaa maji. Basi tunapika bila kufunika. Tunaishi naye hivyohivyo."

Nje watu walikuwa wameshajaa uani, kimya, wengine na mapanga. Sauti ya mwanamume ikatoka gizani: "Aondoke nayo. Sasa hivi. Na asirudi."

Dafroza akamwaga mchuzi, akaibeba ingali ya moto.

Bugwema walimzika Apolinary Jumamosi mchana. Katekista aliguna, maana hajawahi kuzika sufuria, lakini akasali. Waliifunika kwa mfuniko mpya wa kutoka Musoma, wakaizungushia shuka jeupe, wakaishusha nyuma ya nyumba. Dafroza aliamini kwamba maiti anayegonga anataka kaburi. Pelagia alibebwa kwenye kiti, akatupa udongo kwa mkono wake, akalia kilio cha miaka arobaini na minne. Jioni alikula vizuri, akacheka hata. Dafroza naye akafurahi, jambo limekwisha.

Giza lilipoanza kuingia...

Ngo.

Chini ya udongo.

Ngo. Ngo.

Majirani waliokuwa wanaota moto waliinuka mmoja mmoja. Madirisha yakafungwa. Hakuna aliyeaga.

"Tumemfungia tena," Pelagia alisema kutoka kitandani.

"Mama, tulia."

"Alikuja hapa, Dafroza. Mwaka ule ule. Jioni mbili anagonga mlango wangu. Pelagia, nifungulie. Nami najua yuko vitani, mbali. Nikasema ni wachawi wamechukua sauti ya mume wangu. Nilisimama mkono kwenye komeo, nikashika rozari mpaka akanyamaza."

Akashuka kitandani, yeye ambaye tangu Pasaka hajakanyaga chini. Akachukua jembe.

"Nafungua, baba Dafroza," alisema akichimba. "Subiri. Nafungua."

Walipoitoa sufuria, mfuniko ulikuwa umegoma. Waliung'oa wote wawili. Ndani kulikuwa na maji, ya baridi, mpaka ukingoni. Na huo ulikuwa mwezi wa saba, Bugwema mvua haijadondoka wiki nyingi.

Kugonga kuliisha.

Tangu siku hiyo sufuria iko mvunguni mwa kitanda cha Pelagia, wazi, na mlango wake haufungwi usiku wala mchana. Amepata nguvu, analima. Majirani wanazunguka mbali wasipite kwake.

Dafroza akienda kumsalimu halali. Anakaa macho, anasikiliza, na hakuna anayegonga tena. Lakini asubuhi anakuta majimaji ya nyayo sakafuni, hatua kwa hatua, kutoka kizingitini hadi kitandani kwa mama.

Ya kurudi nje hajawahi kuyaona.