Abiria wa Salfo

Tusi halikujibiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa Salfo Ouédraogo, jua la saa saba likimchoma utosi na vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, alidhani yule mtu aliyekaa kwenye jiwe ni kiziwi tu.

Ilikuwa siku ya kumi na nane yuko peke yake na baiskeli, akiizunguka nchi nzima. Hii ilikuwa mara ya tatu kujaribu. Ya kwanza alirudi kwao, mji wa Yako, juu ya paa la basi. Ya pili alirudi ndani ya basi, maana paa lilijaa mbuzi. Sasa ana miaka arobaini na tisa, na magoti yamekwisha kumwambia: ya nne sisi hatumo. Zilibaki kilomita mia moja na sitini.

Alikuwa katika nchi ya Wasamo, na yeye ni Mmosi. Makabila hayo ni watani. Mmosi akimpita Msamo bila kumtukana, hapo ndipo amemkosea adabu. Kwa hiyo Salfo alipaza sauti, "We mla vichwa vya mbwa! Mtumwa wangu! Umekaa hapo unangoja nikubebe?"

Msamo yeyote angemrudishia matusi mara mbili. Huyu, bila kugeuka, alisema tu, "Nangoja."

Salfo akacheka, akapita. Keria ikalia kwii.

Mbele kidogo tairi la nyuma likalala. Akatoa tyubu, akaipitisha shavuni kutafuta tundu. Hakuna. Akajaza upepo. Likalala. Akajaza tena, na pakaanza kunuka udongo mbichi, kama mvua imetoka kunyesha, na mvua ilikuwa na miezi saba haijaonekana, na pedali zikawa nzito kana kwamba uwanda ule uliolala kama meza ni mlima, na aliposhuka asukume akasikia pumzi ya moto shingoni, ikivutwa anapovuta yeye na kutoka anapotoa yeye, akageuka asione mtu, ila vumbini, kila upande wa alama ya tairi, akaona mifereji miwili myembamba, kama ya miguu ya mtu aliyepakiwa, miguu mirefu mno, inayoburuta visigino.

Alifika kijiji kimoja cha Wasamo akihema. Mama Toé, mganga wa pale, alikuwa anaanika bamia.

"Tazameni Mmosi! Siku hizi punda wenu mnawapandisha baiskeli?"

Salfo alifungua mdomo arudishe. Hakuwahi. Mama Toé akatazama keria, akaweka ungo chini polepole.

"Usigeuke," alinong'ona. "Ulimwambiaje?"

"Nilimtania tu, mama. Nilidhani mwenzenu."

"Akakutukana?"

"Hapana."

"Basi si mwenzetu. Na wewe umemkaribisha, akapanda." Akasogea karibu. "Nipe hiyo baiskeli. Mtani akiomba hanyimwi. Ikiwa yangu, abiria naye wangu, na mimi najua pa kumshushia."

"Na mimi je?"

"Utapanda basi."

Salfo aliukumbatia usukani. "Chukua shati, mama. Chukua viatu. Soksi pia, ingawa sikushauri."

"Nimeomba baiskeli."

"Kilomita mia na sitini tu! Nikimaliza nitakuletea mwenyewe, naapa!"

Salfo alingoja mama yule amtukane. Aliomba moyoni amtukane. Mama Toé alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa.

"Safari njema, bwana mkubwa," alisema kwa heshima zote.

Utani ulikuwa umekwisha; Salfo akaondoka akiisukuma baiskeli.

Kilomita zile zilimla siku sita. Alisukuma mpaka viganja vikachunika, akalala ameegemea fremu kwa kuogopa kuinuka na kuukuta uzito umeongezeka, akalia kama mtoto, akaendelea. Alipoingia Yako, amepanda, mifupa mitupu, watu walipiga vigelegele. Mkewe Poko akaja mbio na kibuyu cha maji ya unga, kama msafiri anavyopokewa.

Salfo alitaka kushuka. Mikono miwili ya baridi ikamzunguka kiunoni, ikafungana vidole tumboni.

"Nimefika," alisema. "Jamani, nimefika."

"Mimi bado," ikasema sauti nyuma yake, na pedali zikaanza kuzunguka.