Sauti ya Breki Nyuma Yangu

Jioni ile nilitoka nyumbani kwa mdogo wangu na kopo la biskuti ndani ya mkoba wa mgongoni. Ungenikuta njiani ungedhani mwanamke wa makamo ananyoosha miguu kabla ya chakula cha usiku. Kofia ya baiskeli kichwani, taa mbele, chupa ya maji kwenye fremu. Lakini ndani ya kopo hamkuwa na biskuti.

Mlikuwa na manyoya.

Mdogo wangu Loris alikuwa anakufa. Madaktari wa mjini Siena walimpima damu, wakampima moyo na mapafu, wakasema hana kitu. Hana kitu, na suruali zinamvuka! Kwa wiki kadhaa hakuweza kwenda hata chooni bila kushikwa mkono. Na huko chini wageni waliolipia vyumba vyake walikuwa wanakula supu ya maharagwe na kusifu ukimya.

Ukimya huo unanikera mpaka leo. Nusu ya nyumba za kilima chetu zimefungwa madirisha. Vijana wamekwenda Milano, wazee wamekwenda makaburini. Halafu watu wanatoka mbali na baiskeli zao za matairi manene, wanapita kwenye barabara zetu nyeupe za changarawe, wanasema, jamani, hapa pametulia. Lazima patulie. Hakuna mtu.

Loris hakukereka. Yeye aliona biashara. Nyumba ilikuwa ya shangazi yetu Argene, aliyetulea baada ya mama kufa. Mimi nikiwa melini, napikia mabaharia wa bandari ya Livorno, Loris alimpeleka shangazi kwenye nyumba ya wazee mjini na chumba chake akakigeuza cha wageni. Nilirudi nikakuta yamekwisha. Usiku mmoja, mvinyo ulipomlegeza, alinisimulia mwenyewe. Alimwacha getini, ameshika mkoba wake wa kitambaa. Shangazi akamwita.

"Loris, nisubiri. Usiniache hapa."

Hakugeuka. "Ningegeuka ningerudi naye," aliniambia, "ndiyo maana sikugeuka."

Shangazi hakumaliza majira ya baridi. Vitu vyake vilirudishwa, na Loris, mtu asiyetupa kitu, akauchukua mto wake wa manyoya ya bata bukini akaulalia. Hapo ndipo alipoanza kukonda.

Aliyeniambia nipasue mto ni jirani yetu Isolina. Huyu mama huwatoa watu jicho la husuda kwa sahani ya maji na tone la mafuta ya zeituni. Kijijini wanamcheka mchana, jioni wanamgongea mlango. Tone alilomdondoshea Loris halikukaa juu ya maji. Lilitawanyika, likapotea.

"Huyu amefungwa," alisema. "Analalia nini?"

Tuliupasua mto mezani jikoni. Katikati ya manyoya laini mlikuwa na pete, kubwa kama kisahani cha kikombe. Manyoya yamejisuka yenyewe, bila uzi, bila gundi, magumu kama kiota. Ncha zake mbili zilikuwa zimebakiza upana wa kidole.

"Zikikutana, amekwenda," Isolina alinong'ona. "Kaichome njia panda, penye kijumba cha Bikira Maria, kabla ya kengele ya jioni. Nenda na baiskeli, na ukishaondoka hapa usitue mguu chini mpaka ufike. Usigeuke. Ukiitwa, usiitike."

"Nani ataniita?"

"Utaitwa na sauti unayoipenda. Ndivyo wanavyofanya."

"Isolina, unakijua kile kilima! Changarawe yote ile, na magoti haya, nisitue mguu?"

"Basi kaa hapa umwangalie anavyokwenda."

Nilipanda juu kumuaga Loris. Uso umebaki pua na macho. Aliona kofia yangu, akacheka kidogo.

"Unakwenda kilimani, dada? Ukitua mguu, chupa ya mvinyo."

Ni mchezo wetu wa tangu utotoni. Anayetua mguu kwenye kilima kile ndiye anayenunua.

"Lala wewe," nikamwambia. "Mlevi mkubwa."

Nilimpenda. Nilimkasirikia kila siku kwa ajili ya shangazi, na nilimpenda. Sikuwa na mtu mwingine duniani.

Nikaondoka.

Barabara kwanza inashuka mpaka kwenye kijito, halafu inapanda kati ya misanobari mpaka njia panda. Nilishuka polepole. Jua limezama, udongo wa vilima umekuwa wa kijivu. Hakuna gari wala mbwa. Nilisikia matairi yangu tu yakisaga changarawe.

Halafu harufu ikaja... dawa ya nondo, wale wadudu wa nguo. Sufu iliyokaa kabatini miaka, kama koti la shangazi. Katikati ya mashamba!

Nilikaza mikono kwenye usukani.

Nyuma yangu, juu kule nilikotoka, nikasikia:

Kwiii...

Niliijua sauti ile. Breki ya nyuma ya baiskeli ya Loris. Ililia hivyo miaka yote, na kila siku alisema ataitengeneza kesho.

Kwiii...

Ikawa karibu zaidi. Lakini Loris alikuwa kitandani. Nilikuwa nimeushika mkono wake dakika chache nyuma, hauna hata nguvu ya kushika kikombe. Nikavuka kijito, nikaweka gia nyepesi kabisa, nikaanza kupanda.

"Dada!"

Sikuitika.

"Dada, nimepona! Zelinda! Tazama, naendesha!"

Sauti yake. Kicheko chake. Machozi yalinitoka, na bado nikakanyaga. Tairi la nyuma likateleza, baiskeli ikayumba, nikalala juu ya usukani nisianguke. Mguu haukugusa chini.

"Umetua mguu? Eh? Umetua?"

Nilikaribia kumjibu. Haki ya Mungu, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu.

Changarawe ikasagika nyuma yangu, kwa taabu, halafu ikanyamaza. Kitu kikaanguka. Ikabaki pumzi. Pumzi fupi, ya mtu anayetafuta hewa haipati.

"Zelinda... kifua..."

Nikakanyaga.

"Nisubiri. Usiniache hapa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonimalizia wasiwasi. Nilikuwa nimeambiwa nani aliyasema, na wapi. Nikasema moyoni, ni wewe, Shangazi. Umevaa sauti ya Loris lakini maneno ni yako. Hunipati.

Wala sikugeuka.

Aliita tena. Aliita mara nyingi. Sauti ikazidi kuwa ndogo, ikawa kama ya mtoto, na nilipofika kwenye kijumba cha Bikira Maria haikuwepo tena.

Nilishuka kwenye baiskeli. Nikafungua kopo.

Ncha za pete zilikuwa zimekutana.

Niliichoma hata hivyo. Niliimwagia pombe kali ya zabibu niliyokuja nayo, nikawasha kiberiti, nikasimama kwenye ule moshi wa manyoya unaokaba koo mpaka likabaki jivu. Kengele ya kijiji ikalia. Nimewahi, nikajiambia. Nimewahi kabla ya kengele.

Nikarudi nikiwa nimewasha taa.

Nilimkuta Loris katikati ya kilima. Amevaa fulana ya kulalia na viatu vyake vya baiskeli. Ameegemea ukingo wa barabara, baiskeli imemlalia, mkono mmoja umenyooka kuelekea juu, kule nilikokwenda. Kiatu kimoja kilikuwa bado kimebanwa kwenye pedali. Mguu wa pili ulikuwa chini, juu ya changarawe.

Alikuwa na joto bado.

Nilipiga kelele. Nilimwita jina lake mpaka sauti ikakauka. Hakuna dirisha lililowaka taa, maana madirisha yale hayana watu nyuma yake.

Daktari alisema ni moyo. Mgonjwa wa vile hakupaswa kupanda baiskeli, akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha. Mgeni mmoja Mholanzi, Joost, ndiye aliyemwona akitoka. Aliniambia akiwa ameishika kofia yake kifuani.

"Alishuka ngazi mwenyewe, mama. Anacheka. Sisi tukapiga makofi."

"Nani alimwamsha?"

"Yule bibi aliyekuja getini. Alimwita kwa jina. Akamwambia, dada yako amekusahau, mkimbilie."

"Bibi gani? Isolina?"

"Hapana, huyo namjua. Mwingine. Mwenye mkoba wa kitambaa."

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Isolina. Nilimkuta anamenya njegere mlangoni. Alinitazama usoni, akaweka bakuli chini.

"Yale masharti," nikamwambia. "Usigeuke, usiitike. Nani alikufundisha?"

"Zelinda, mwanangu, mambo hayo hayaulizwi..."

"Nani?"

Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Maneno hayo hufundishwa mkesha wa Noeli tu, unajua. Mwanamke kwa mwanamke. Nilikwenda kumwona kule kwa wazee, nimempelekea keki. Akanishika mkono. Akaniambia, siku Loris akiugua, mpe dada yake maneno haya. Yeye peke yake ndiye atakayekwenda mpaka mwisho." Akaanza kulia. "Mimi nilidhani amemsamehe. Naapa, nilidhani amemsamehe."

"Shangazi."

"Ndiyo. Argene."

Sikumtukana. Nilitaka, lakini tusi gani lingetosha? Na nilitaka kumtukana shangazi pia, nikakumbuka lile geti, na bibi amesimama na mkoba wake akimwita mtoto aliyemlea. Nikakosa wa kumtukana. Huo ndio uchungu wangu. Nimebaki nao mzima, sina pa kuutua.

Nyumba sasa ninaiendesha mimi. Mito yote ni ya sponji. Jioni, saa ile ile, nikiwa natandika vitanda, dirisha likiwa wazi, wakati mwingine breki inalia kule chini kwenye kijito. Kwiii... Huwa natoka mpaka getini. Naitika. "Loris! Nipo! Nakusubiri!" Naita mpaka wageni wananiangalia kwa huruma, na harufu ya dawa ya nondo inapita karibu na bega langu, inaingia ndani.

Asubuhi wageni wanapanda baiskeli zao. Wakirudi wanakuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na furaha tele. Wote wanaisifu barabara ile ya kilimani. Wanasema hawajaona ukimya kama ule popote. Juzi mmoja, binti mwenye tabasamu zuri, aliniambia wakati nammiminia kahawa:

"Pale, mama, mtu anaweza kuita kwa nguvu zake zote, na hakuna atakayemsikia."