Haibadiliki Hadi Mwisho

Jambo la mwisho la kawaida kwa mhakiki lilikuwa utani wa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe na mhariri wa kurasa za muziki gazetini. Alipiga simu mchana kumkumbusha uhakiki wa albamu mpya ya yule mwanamuziki wa Kijapani wa mivumo mirefu isiyo na mdundo. "Anataga albamu kama kuku," alisema. "Andika chochote, shemeji. Si zote ni mvumo mmoja?"

Mhakiki alicheka. Zote zilikuwa mvumo mmoja kweli, naye hakuwahi kusikiliza hata moja hadi mwisho. Mkewe ndiye aliyekuwa akimsikilizia. Alijifungia chumba cha nyuma na hedifoni, akatoka uso unang'aa, na jibu lake likawa lilelile: "Haibadiliki hadi mwisho. Usijisumbue." Mume akaandika hivyo miaka yote, akimshukuru kwa kumwondolea adha.

Sasa hakuwa na wa kumsikilizia. Jioni alikaa kwenye kiti cha mkewe, akavaa hedifoni. Mvumo ulikuwa mzito, kama wa friji ya jirani ukipenya ukutani. Akasinzia. Kilichomzindua ni harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, mbichi, kana kwamba kichwa chake ndiyo kwanza kimetoka begani pake. Albamu ilikuwa ukingoni. Chini ya mvumo mwanamke alikuwa akicheka, kicheko cha chini cha mtu anayebembelezwa, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na mvumo wenyewe ukawa unashuka na kupanda kama kifua cha mwanamume anayecheka naye, na kabla hajaweza kuzivua hedifoni, sauti ya mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimshusha kaburini kwa mikono yake, ikasema taratibu, wala si kwake: "Nimemwambia hakuna kitu."

Alimpigia shemeji, akamweleza.

"Umefika mwisho?" shemeji akanong'ona.

"Ulijua?"

Alijua. Alieleza kwa kukatakata kwamba dada yake alikuwa na jini mahaba tangu usichana, na mganga alishindwa kumtoa kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakutaka atoke. Mvumo ule ndio uliokuwa mlango wao. Kila albamu ilipotoka, shemeji ndiye aliyehakikisha inafika nyumbani.

"Alinisihi, shemeji. Alisema wewe ni mtu mwema, usiumizwe."

"Na hii? Yeye hayupo. Umeniletea ya nini?"

Shemeji alianza kulia.

"Ameniomba jana."

Asubuhi mhakiki aliandika: "Haibadiliki hadi mwisho. Usijisumbue." Akautuma uhakiki kama ulivyo. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa ndani, akavaa hedifoni na kuanza tena tangu mwanzo, ili safari hii akifika awe macho.